Naomba ushauri, Jumamosi namhoji mzee wa taarabu

Wakuu habarini, mi nasoma uandishi wa habari hapa Zanzibar, redio ya chuo imenipa dakika 20 za kumhoji mzee mmoja mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Mwezi uliopita nilimhoji mwandishi wa riwaya nikaharibu, macho yote kwenye karatasi ya maswali, akasema aliacha kuandika miaka minne alipofiwa na mkewe mi nikarukia swali la tuzo, nikisikiliza ile rekodi mpaka leo naumia. Huyu mzee nataka anisimulie santuri za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, zile alizoanza kurekodi Bombay 1928, nyumbani kwao mzee zilikuwepo. Sasa nianzeje ili afunguke, na akinyamaza nimsubiri au niulize jingine? Na simu niiweke wapi, feni ya sebuleni kwake inavuma mno na kumwambia azime naona haya.