Tupeane uzoefu: Kanda yako ya "Machozi, Jasho na Damu" uliipataje?

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa napanga stoo ya marehemu baba, nikakuta kasha la kanda, ndani tupu. Kava tu ndiyo iliyobaki: Machozi, Jasho na Damu, albamu ya kwanza ya Profesa Jay, yule mchanaji wa Bongo Fleva, akiwa peke yake, 2001. Kazi ikaishia hapo, nikakaa juu ya gunia nikianza kukumbuka. Kila mtu wa rika langu ana kisa na kanda hii, kwa hiyo leteni.

Naanza mimi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, Songea. Siku ya kurudi shule mama alinipa nauli mkononi na akiba kwenye soksi. Stendi kulikuwa na kijana anauza kanda kwenye toroli, redio yake inapiga Ndiyo Mzee, ule wimbo wa mgombea na ahadi zake, abiria wamemzunguka wanacheka kama wako kwenye kampeni. Ya soksi ikaondoka. Nilifika shule na kanda, sina hata ya sukari.

Redio bwenini zilikuwa marufuku, tukawa tunakwenda kusikilizia kwa mlinzi usiku, kwa betri tulizoanika juani mchana kutwa. Upande A ulipita vizuri. Upande B betri zilikuwa zimechoka, sauti ya Jay inavutika, inakuwa nzito kama ya babu anayesinzia. Mpaka leo nikisikia nyimbo za mwisho kwa mwendo wake wenyewe naona kama wanamkimbiza.

#2
Kwetu ni Kilosa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa mikutano. Kaka alirudi na hiyo kanda kutoka Dar, akaiweka wakati wa chakula cha usiku. Ndiyo Mzee ilipoanza, baba akaacha kula, akadhani ni hotuba. Mgombea anaahidi wanafunzi watakwenda mwezini, mabomba yatatoa maziwa, umati unaitikia tu. Mzee akauliza, "Huyu anagombea wapi?" Tulipasuka. Yeye hakucheka. Alisema, "Hebu rudisha nyuma." Akaisikiliza yote mara ya pili, akanawa mikono, akaenda kulala.

Mwaka 2015 nikaingia kwenye kituturi, jimbo la Mikumi, nakuta Joseph Haule, yaani Profesa Jay mwenyewe, yumo kwenye karatasi ya ubunge. Sasa swali la mzee limepata jibu! Nilicheka peke yangu humo ndani, nilipotoka msimamizi akanitazama kama nimelewa. Jamaa akalichukua jimbo, mpaka 2020.

#3
Sawa, ila tusiwapotoshe vijana. Kabla ya hapo kuna albamu ya Funga Kazi ya kundi lake la Hard Blasters, 2000, akiwa na Fanani na Big Willy, wakati huo Jay bado anaitwa Nigga J. Wimbo wa Chemsha Bongo uko humo. Na Sugu, mchanaji mwingine, alishatoa albamu ya Ni Mimi tangu 1995. Endeleeni.

#4
Naungama. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, Mwanza. Deki ya milango miwili, kanda mpya huku, ya Jay kule, unabonyeza ile ya mwendo kasi, sauti zinalia kama vifaranga, dakika chache upande umekwisha. Asiye na kanda mpya analeta ya taarabu ya shangazi yake. Vile vimeno vya juu vya kuruhusu kurekodi vimevunjwa, tunaziba na karatasi na kurekodi juu yake. Kava nilikuwa natoa kopi, uso wa msanii unatoka mweusi tii, macho tu ndiyo yanaonekana.

Hiyo moja niliinunua halali. Nyingine zote zilizotoka pale kwangu sizihesabu, nitaona aibu. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999 lakini mtaani kwetu hakuna aliyekuwa anaizungumzia. Nilichojua ni kwamba nawasaidia wanafunzi wasio na hela. Nyumba ya mabati nimejenga, sikatai.

#5
Nyie wanaume mlinunua, sisi tulinakili kwa mkono. Shule ya wasichana, Tabora, kanda moja tu bweni zima, ya dada wa kidato cha sita. Zamu yako ikifika unasikiliza na kalamu mkononi, ukikosa neno unarudisha. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikawa nawaandikia wenzangu mashairi yote kwa mche mmoja wa sabuni. Muhula ule sikununua sabuni. Kuna sehemu nilisikia vibaya nikaandika upuuzi mtupu, na bweni zima likawa linachana upuuzi wangu, kwa kujiamini kabisa. Siwaambii ni wapi.

#6
Niko Nairobi. Huku mwaka huo Kalamashaka, kundi la rap la Dandora, nao walikuwa wametoa albamu yao Ni Wakati, kwa hivyo kanda ya Jay niliisikia kama jirani anajibu. Kiswahili chenu kilinipiga chenga kidogo lakini Ndiyo Mzee ilieleweka bila mkalimani. Wanasiasa ni wale wale.

#7
Mimi niko upande wa pili wa deki. Hiyo kanda ndiyo ilinipoteza. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kujikunja, nikamwambia mwenzangu na sisi tunatoa yetu. Mwaka 2003, naponda kokoto Kunduchi, kila wimbo studio unalipiwa, nyimbo nane. Ukipita pale machimboni ujue kuna rundo moja lilikuwa kibwagizo.

Msambazaji, simtaji, akasema nane ni chache, ongezeni mbili. Tukaponda tena. Tukampa kanda mama, ile ya kunakilia nyingine, tukasaini karatasi ambayo hatukuielewa, tukaambiwa hela itakuja kadiri zinavyouzika. Kila tukienda kuuliza: "Zinatembea taratibu." Sasa wewe msanii utahesabu vipi? Mashine ni yake, kava anachapa yeye, daftari ni lake. Siku moja nimo kwenye daladala ya Mwenge, dereva anapiga wimbo wangu wa nne na kuufuatisha. Nilishindwa kumwambia kuwa ni mimi, nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na nauli nimekopa.

Mwisho alitulipa kwa kanda. Maboksi mawili. Mwenzangu akachukua lake, mimi nikapeleka langu kwa mama, Muheza, likakaa chini ya kitanda. Mama ni mwanakwaya, akaona ni mali inakaa bure, akawa anarekodia mazoezi ya kwaya juu yake, moja baada ya nyingine.

Ninayo moja hapa. Wanaimba pambio, wanamaliza, kimya kidogo, halafu natokea mimi sekunde kama nne hivi, nachana kwa hasira, kabla sopreno hawajaanza tena.