Naomba ushauri: kukadiria idadi ya mamba katika vijito vya msitu wa Ituri

Ndugu wanachama, ninashiriki kuandaa sensa ya mamba katika vijito vinavyoingia mto Epulu, Ituri, nchini Kongo, ambako wanaishi mamba kibete na mamba wa pua nyembamba.

Njia iliyozoeleka ni kupita usiku kwa mtumbwi, kumulika tochi na kuhesabu macho yanayong'aa mekundu kwa kila kilomita. Kwenye mito mipana ya savana njia hii inafaa. Msituni, magogo yaliyoanguka na matawi yaliyoinama hadi majini huyaficha macho hayo, mamba kibete hujichimbia mashimo kingoni au hupanda nchi kavu kutafuta chakula, na waliozoea kuwindwa huzama mara waonapo mwanga. Hivyo kijito kisicho na mamba na kijito chenye mamba waoga vinaweza kutoa hesabu ileile, jambo linalonisumbua sana, kwa kuwa uamuzi wa kuruhusu au kuzuia uwindaji unaweza kuegemea hapo.

Nimefikiria kuwakamata, kuwakata magamba ya mkia kwa mpangilio unaomtambulisha kila mmoja, kisha kuwakamata tena, ili uwiano wa wenye alama miongoni mwa wanaonaswa tena unipe idadi ya wote; lakini aliyenaswa mara moja huwa mjanja na hanaswi tena kirahisi, wenye alama huonekana wachache, na makadirio huzidi ukweli.

Kwa wenye uzoefu: je, ni bora kurudia vijito vichache mara nyingi, usiku baada ya usiku, au kupita vingi mara moja moja? Na taarifa za wavuvi wenyeji, ambazo binafsi naziamini, niziingize vipi katika hesabu?