Upasuaji wa tumbo Istanbul: nipande ndege lini, na nani atanihudumia nikifika Dar?

Mama wa Tegeta

Habari zenu, ndugu. Nina umri wa miaka 38 na nina watoto watatu, wawili kati yao nimewapata kwa upasuaji. Baada ya uzazi wa mwisho misuli ya tumbo iliachana, na daktari aliyenipima hapa Dar alinieleza bila kuficha kwamba mazoezi yataniongezea nguvu, lakini hayataondoa ngozi iliyolegea. Nimepanga kwenda Istanbul, Uturuki, kukatwa ngozi hiyo na kushonwa misuli. Uamuzi wa kwenda nimeshauzungumza na mume wangu ukaisha, kwa hiyo naomba tusiurudie hapa; ninachouliza ni habari za siku zinazofuata baada ya kushonwa.

Wakala amenipangia kifurushi cha siku mbili za kulazwa na siku tatu za hotelini, kisha napanda ndege ya moja kwa moja hadi Dar. Ameniambia pia kwamba nikiongeza fedha kidogo, madaktari wanaweza kuninyonya mafuta mgongoni na kuyahamishia makalioni kwa nusu kaputi hiyo hiyo, ili nisilipie mara mbili. Nitasafiri peke yangu kwa sababu mume atabaki na watoto. Nikirudi, mama mkwe atatoka Tanga kuja kunikanda na kunipikia, kama alivyofanya nilipojifungua.

Naomba kujua mambo mawili. Je, muda huo unatosha kabla ya kukaa kwenye ndege kwa takriban saa saba? Na kidonda kikileta shida nikiwa tayari nyumbani, niende wapi?

Muuguzi wa Upanga

Mwanangu, nimestaafu baada ya kufanya kazi wadi ya upasuaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la kwanza ndilo linaloua watu.

Muda huo hautoshi. Mwongozo wa Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza unashauri kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa matiti au kunyonywa mafuta asubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege, na aliyefanyiwa upasuaji wa uso au wa tumbo asubiri siku 7 hadi 10. Hicho ni kiwango cha chini kwa mtu ambaye kila kitu kimemwendea vizuri, na kwa safari ndefu kama ya Istanbul hadi Dar mimi ningekutaka ukae huko wiki mbili, uonwe na daktari aliyekupasua, kisha tiketi ifuate neno lake. Kifurushi kilichopangwa kwa bei ya hoteli hakijui mrija wa kutolea majimaji ya kidonda chako bado unatoa kiasi gani.

Sababu ni damu kuganda. Mwili ukishakatwa huongeza wenyewe uwezo wa damu kuganda ili kidonda kifunge, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Katika upasuaji wako misuli ya tumbo huvutwa na kushonwa pamoja, jambo linaloongeza shinikizo ndani ya tumbo na kupunguza kasi ya damu inayorudi kutoka miguuni. Halafu unaona maumivu, unaogopa kusimama, unalala tu. Ukiongeza juu yake saa saba za kukunja magoti kwenye kiti, bonge la damu linaweza kujijenga kwenye mshipa wa mguu, likang'oka na kwenda kuziba mapafu. Kwa hiyo ulizia kabla hujalipa kama utachomwa sindano za kuzuia damu kuganda na kwa siku ngapi, utembee kidogo kidogo tangu siku ya kwanza hata kama unatembea umeinama, vaa soksi za kubana, na mwambie daktari ukweli kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au kama kuna ndugu yako aliyewahi kuganda damu. Mguu mmoja ukivimba au shavu la mguu likiuma, ukibanwa kifua, pumzi ikikatika au ukikohoa damu, huo si uchovu wa safari. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na hata kama umesharudi Tegeta wiki nzima iliyopita.

Kuhusu mrija huo, kwa kawaida hutolewa pale kiasi kinaposhuka hadi mililita 30 hivi kwa saa 24. Usikubali uondolewe mapema ili uwahi ndege, kwa sababu majimaji yatajikusanya chini ya ngozi na utakuja kunyonywa kwa sindano huku Dar, na kila sindano inayoingia ni mlango mwingine wa vijidudu.

Sasa mama mkwe. Mpokee kwa heshima zote, lakini maji ya moto hapana kabisa. Baada ya upasuaji huu ngozi ya tumbo la chini hufa ganzi kwa miezi, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Ngozi isiyohisi moto huungua bila mwenyewe kujua, na tumbo lililoungua juu ya mshono ni kazi ngumu kuliponya. Mweleze mapema kwa simu kabla hujaondoka, kwa sababu akishafika na beseni mkononi utaona aibu kumkatalia. Mtori, samaki, mayai na maharage apike kadiri anavyotaka, kwani kidonda kinahitaji protini.

Dada wa Mbezi

Nami nilifanyiwa upasuaji wa aina hiyo, mimi kule Delhi, nikasafiri na dada yangu kwa viza ya matibabu. India hutoa pia viza ya msindikizaji wa mgonjwa, na nakushauri nawe usiende peke yako hata kama itabidi kupunguza gharama nyingine. Siku za kwanza huwezi kunyanyuka kitandani bila kushikwa mkono, unalala chali magoti yamekunjwa na mito mgongoni, na kwenda msalani tu ni safari. Mhudumu wa hoteli si muuguzi. Kuna wakati dada yangu aliona bandeji imelowa kuliko ilivyokuwa asubuhi, akapiga simu hospitalini, wakaniita na kuibadilisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala kwa nguvu ya dawa za maumivu na nisingejua lolote.

Jambo la pili ni karatasi. Kabla hujatoka hospitalini dai ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, iliyoandikwa walichokata, misuli waliyoshona, aina ya nyuzi na kama zinayeyuka zenyewe, dawa walizokupa kwa majina yake halisi ya kitabibu badala ya majina ya kibiashara ya huko, na tarehe ya kuondolewa kwa kila kitu kilichobaki mwilini. Mimi nilipofika hapa, daktari wa kwanza niliyemwendea hakutaka hata kufungua bandeji mpaka aone ripoti, na sikumlaumu, kwa sababu hakuna fundi anayependa kufungua kazi ya mwenzake asiyojua ilivyofungwa.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Mtafute daktari wa Dar kabla ya safari. Muhimbili kuna wataalamu wa upasuaji rekebishi, na tawi lake la Mloganzila katika miaka ya karibuni imekuwa ikifanya upasuaji wa aina hii hii unaoufuata Istanbul, kwa hiyo tumbo lililokazwa halitakuwa jambo geni kwao. Nenda kliniki, jieleze, pimwa damu na presha, waulize kama watakupokea ukirudi, na uhifadhi kadi yako. Ukifanya hivyo, siku ya matatizo unakuwa mgonjwa mwenye faili. Nikiri pia kwamba ukifika kliniki hiyo unaweza kujikuta unauliza bei zao, na sioni ubaya wa kuuliza.

Msomaji wa Kigamboni

Dada, umesema tusijadili kwenda au kutokwenda, nami sijadili. Lakini hilo la kuhamishia mafuta makalioni halikuwa uamuzi wako, ni biashara ya wakala, na mimi ningelikataa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 taarifa ya raia 93 wa nchi hiyo waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, karibu wote wakiwa wanawake. Katika vifo vilivyochunguzwa kwa undani, sehemu kubwa kabisa ilitokana na chembe za mafuta au mabonge ya damu yaliyosafiri hadi mapafuni, na wengi wa marehemu walikuwa wamefanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Uturuki si Dominika, lakini mishipa ya makalioni ni ile ile: sindano ikizama kwenye misuli, mafuta huweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu. Isitoshe, utalalaje? Tumbo linakutaka ulale chali, makalio yanakutaka usiyalalie.

Uliza pia bima. Bima nyingi za safari hazilipii madhara ya upasuaji wa urembo uliopangwa, wala usitegemee bima yako ya afya ya hapa nyumbani. Tenga fedha ya kukaa hotelini zaidi na ya kubadilisha tiketi. Wizara ya Afya ya Uturuki hutoa kibali maalumu kwa hospitali na mawakala wanaohudumia wagonjwa wa kigeni. Mwombe wakala wako akuoneshe cha kwake na cha hospitali, na akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Mama wa Tegeta

Shikamoo mama, na asanteni sana kaka na dada. Nimeshamwandikia wakala kwamba upasuaji ni wa tumbo peke yake na kwamba nataka tiketi inayobadilishika. Amenijibu kwa baridi kidogo, kisha amekubali. Mdogo wangu wa Kariakoo ameomba likizo ili anisindikize, na pasipoti yake inashughulikiwa. Mama mkwe nimempigia. Alinyamaza kidogo, akauliza kama angalau kitambaa cha uvuguvugu mgongoni kinaruhusiwa.

Nimebakiwa na wasiwasi wa joto. Nitarudi Februari, na naambiwa mkanda wa kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki sita. Kwa jasho la Dar, na umeme ukikatika, kidonda kitapona kweli? Na ngozi yangu ina historia ya makovu ya kuvimba. Kovu la uzazi wa kwanza lilinyanyuka kama kamba.

Muuguzi wa Upanga

Marahaba mwanangu. Mgongo wa juu akukande kwa uvuguvugu, lakini aanze kwa kupima maji kwa kiwiko chake mwenyewe, na asishuke kiunoni, kwa sababu ganzi huweza kuzunguka hadi ubavuni.

Makovu ya kuvimba ungeyataja mwanzoni kabisa, na umtajie daktari wa Istanbul kabla hajachora mstari wa kukata, maana mshono huu huenda kutoka nyonga hadi nyonga. Mwoneshe lile kovu la uzazi na umuulize atakuwekea mpango gani. Kwa kawaida, ngozi ikishafunga kabisa, hutumika karatasi za silikoni kwa miezi kadhaa, na kovu likianza kunyanyuka huchomwa sindano za steroidi mapema kabla halijakomaa. Huduma hiyo utaipata Dar kwa daktari wa ngozi. Usipake asali, dawa ya meno, mafuta ya nazi wala chochote utakachoshauriwa na jirani kabla mshono haujafunga.

Joto ni tatizo la kweli, lakini linawezekana. Nunua mikanda miwili huko huko, ili mmoja ukifuliwa na kukauka mwingine uwe mwilini, na vaa fulana nyepesi ya pamba chini yake. Kwenye kitovu na kwenye nyonga, ambako jasho hukaa, kausha kwa kitambaa safi kila unapobadilisha. Wekundu unaosambaa, harufu, usaha, homa, au ngozi inayogeuka nyeusi kando ya mshono, yote hayo ni ya kliniki siku hiyo hiyo.

Niongeze moja ambalo hata wahudumu wa afya hulisahau. Kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu wasio kifua kikuu chenyewe, ambao wameshawahi kuwapata wagonjwa wa upasuaji wa urembo nje ya nchi zao. Hawa hujitokeza baada ya wiki au miezi, kwa vinundu au kidonda kinachofunguka tena, na dawa za kawaida za vidonda haziwagusi. Kwa hiyo hata mwezi wa tano ukiona kinundu kwenye mshono, usinunue antibiotiki duka la dawa. Nenda uchukuliwe sampuli ikaoteshwe maabara, na uwaambie wazi kwamba ulipasuliwa Uturuki, kwa sababu kwenye hadubini wanaweza kufananishwa na kifua kikuu ukaanzishiwa dawa zisizo zako.

Mtoto wako mdogo ana uzito gani? Hutamnyanyua kwa wiki sita, na mume ajue hilo kabla hujapanda ndege ya kwenda.