"Sista, mama asijue": waliopitia haya tupeane uzoefu

ZamuYaUsiku: Wapendwa, jana kijana kanivuta pembeni koridoni: "Sista, tunakuomba, mama asijue kama ni kansa." Nimeshindwa kulala. Kuna mzee aliwahi kuniuliza saa nane usiku, "Mwanangu, ndiyo naondoka?" Nikamwambia alale, daktari atapita asubuhi. Akaomba simu ampigie mwanawe waliyekosana. Nikasema ni usiku mno. Alfajiri nikamfunika shuka. Nyie mlifanyaje?

Mama Pacha: Yaani hilo la "asijue"! Kila wiki.

Kitinda: Mimi ni ndugu, si muuguzi. Tulimficha baba na sijuti. Alicheka nasi mpaka mwisho.

Sista Mstaafu: Kitinda mwanangu, pole, lakini wengi wanajua. Bibi mmoja alinishika mkono akanong'ona, "Wanangu wasijue kuwa najua." Walilindana hivyo hadi siku ya mwisho, hakuna aliyeaga.

Wodi ya Wanaume: Langu ni la kufufua. Mgonjwa figo zimekwisha, mwili mifupa mitupu. Aliniambia kwa kinywa chake, "Moyo ukisimama niacheni." Nikamweleza daktari wa zamu, akasema ataandika. Hakuandika. Moyo uliposimama, faili halina neno, na mwanawe mkubwa yuko mlangoni anapiga kelele tufanye kitu. Nikaanza kukandamiza kifua. Mara ya tatu tu nikasikia mbavu zikikatika chini ya viganja vyangu. Dakika 20. Moyo ukarudi, yeye hakurudi. Siku 2 kwenye mashine, macho hayakufumbuka, kisha akafa tena. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu yangu natoka nje.

Mama Pacha: Nimelia.

Mpita Njia: Ungebonyeza kijuujuu tu, ndugu waone mmejaribu. Wengi hufanya hivyo.

Wodi ya Wanaume: Hapana. Ama unafufua kweli, ama hufufui. Kuigiza juu ya mwili wa mtu siwezi.

Sista Mstaafu: Mgonjwa akikwambia jambo kama hilo, liandike mwenyewe kwenye maelezo ya uuguzi, tarehe na saa. Kisha usimwache daktari mpaka asaini.

Kitinda: Na morfini, ile dawa kali ya maumivu, je? Dada alichomwa sindano, saa moja baadaye akakata roho. Sina amani na yule nesi.

Wodi ya Wanaume: Usitutuhumu hivyo!

Sista Mstaafu: Mwache aulize. Mwanangu, mtu anayekaribia kufa akipewa dawa kila baada ya saa 4, lazima kuwe na sindano ya mwisho. Dozi hupandishwa kidogo kidogo kufuata maumivu, huku tukihesabu pumzi. Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alishikilia kwamba dawa itolewe kwa saa zilizopangwa, isingojewe mpaka maumivu yarudi. Huenda nesi huyo alimpunguzia dada yako maumivu saa ile.

Kitinda: Siku ile hakuna aliyenieleza hivi.

Mama Pacha: ZamuYaUsiku, kaa kimya, utafukuzwa kazi.

Wodi ya Wanaume: Mwambie yote.

ZamuYaUsiku: Nimerudi zamu. Nimemuuliza mama mwenyewe, "Ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?" Akasema, "Mwite kwanza mwanangu, asikie nami." Kijana yuko njiani. Daktari nimemwomba asiondoke.