Naomba ushauri: kupata wakili kabla risasi haijatoka
Wakuu, kwa mwenye silaha yenye leseni, wakili hutafutwa mapema, si ukiwa mahabusu. Awe wa jinai, aliyesimamia kesi za mauaji hadi hukumu. Huyu wa talaka na viwanja hapana. Kujihami ni utetezi wa ajabu kidogo: unakiri ulifyatua, kisha unajenga hoja kwamba ulilazimika. Ndiyo maana maelezo ya papo hapo kwa polisi, mikono bado inatetemeka, huweza kuharibu kesi: ukisema mvamizi alikuwa hatua 5, vipimo vikaonyesha 12, umeshakuwa mwongo.

Mnisaidie hapa: mkataba na wakili useme nini kuhusu kupokea simu saa nane usiku? Mtaalamu wa silaha wa kunitolea ushahidi alipwe ndani ya ada au kando? Na namba ya wakili, mbali na kuikariri, niiweke wapi, maana simu nayo huchukuliwa kama kielelezo?