Mrejesho: Rangi ya sebuleni iliyokuwa inabanduka

Wakuu, habari zenu. Nilileta hapa suala la ukuta wa sebule yangu huku Tegeta, rangi inavimba na kubanduka kila masika. Wapo waliosema nipake rangi ya mafuta yaishe. Nawashukuru, ila nimewafuata waliosema nitafute kwanza maji yanatoka wapi.

Kipimo cha nailoni ndicho kilichoniokoa. Unaibandika ukutani kwa solotepu pande zote, unaiacha mpaka kesho yake. Yangu ilikutwa na matone upande unaogusa ukuta, maana yake unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, si hewa ya chumbani. Upande wa pili ni bafuni, na kweli, elbo ya bomba ilikuwa inavuja taratibu. Imebadilishwa.

Fundi rangi alitaka kupaka siku hiyohiyo (mnawajua). Nikagoma. Tulikwangua hadi kwenye lipu, ile chumvi nyeupe inayoachwa na unyevu ukutani tukaisugua kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Ukuta ukaachwa wiki kadhaa ukauke, ndipo skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta), msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikia) na rangi ya maji.

Ukuta wa bafuni umetulia hadi leo. Ila kona ya ukuta wa nje, kama shubiri moja kutoka sakafuni, chumvi imeanza kutoka tena. Pale unyevu unapanda toka ardhini, bomba halihusiki. Nimepaacha kwanza, kochi linapaficha, hadi nipate hela ya kubomoa lipu.

Mdau wa nailoni, ubarikiwe sana.