Ushauri: Namna ya kuchagua pipa moja la ramu kongwe ya Guyana ghalani

Mtafutaji_Leeds:
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninafanya kazi hapa Uingereza kwa mfanyabiashara mdogo wa vileo anayenunua ramu (pombe kali ya miwa) kwa pipa na kuijaza kwenye chupa kwa jina la duka lake. Mwezi ujao ananituma Liverpool, kwenye ghala la forodha, nikachague pipa moja la ramu ya Guyana ya mtambo wa kukenekea pombe uitwao Port Mourant, yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Orodha niliyopewa ina mapipa kadhaa yaliyojazwa mwaka uleule, lakini bei zake zinatofautiana mno. Naomba mnieleze nitazame nini, maana kwa mwajiri wangu hizi ni fedha nyingi.

Mzee_wa_Ghala:
Ndugu yangu, anza na vipimo. Omba matokeo ya upimaji wa karibuni, yaani lita zilizobaki na asilimia ya kilevi, wala usiridhike na vipimo vya siku pipa lilipojazwa. Pipa la mwaloni lililowahi kutumika kwa bourbon, wiski ya Marekani, huchukua lita 200 hivi. Likihifadhiwa Ulaya, ambako takriban asilimia 2 hupotea kwa mvuke kila mwaka, baada ya miaka 20 hubaki kama lita 133, ambazo ni chupa 190 za mililita 700. Lingekaa Guyana muda huohuo, kwenye joto linaloweza kupoteza asilimia 6 kwa mwaka, zingebaki lita 58 tu, lakini ramu yenyewe ingekuwa imekolea mbao zaidi. Kwa hiyo uliza pipa limekaa wapi, na kwa miaka mingapi kila mahali. Nadhani hapo ndipo bei zako zinapoachana.

Binti_Pangani:
Naongeza jambo moja: usichague kwa rangi. Baadhi ya ramu za Guyana hutiwa karameli (sukari iliyounguzwa) kabla ya kuingia kwenye pipa, hivyo weusi wake si ushahidi wa umri.

Mtafutaji_Leeds:
Nashukuru sana. Kuna jambo linanitatiza. Mapipa haya, ya miaka ya 1990, yameandikwa herufi PM, lakini safu ya kiwanda inasema Uitvlugt. Je, orodha imekosewa?

Mzee_wa_Ghala:
Haijakosewa, ningeishuku kama ingesema vinginevyo. PM hutaja mtambo, wala si mahali. Mtambo wa Port Mourant una vyungu viwili vya mbao, na umehamishwa zaidi ya mara moja kadiri viwanda vya mashamba ya miwa vilivyofungwa. Katika miaka ya 1990 ulikuwa Uitvlugt, na kiwanda hicho kilipofungwa ukapelekwa Diamond, kando ya mto Demerara, ambako unafanya kazi hadi leo. Ramu yake ni nzito, ina harufu ya bizari tamu na mbao iliyolowa. Ukionja pipa la PM lenye wepesi na utamu wa vanila pekee, uliza maswali zaidi.

Mwonjaji:
Kwa kuonja, omba sampuli ichotwe mbele yako, kisha uchukue kichupa ukaonje tena siku nyingine, kwa kuwa baada ya mapipa matatu au manne ulimi huwa umechoka. Onja kwanza bila maji, halafu uongeze maji hadi kilevi kishuke karibu asilimia 25, maana ukali huficha kasoro kama ukakasi wa mbao na harufu ya kiberiti. Umri peke yake usikutishe wala usikuvutie. Mwaka 2004 Luca Gargano wa Velier, kampuni ya vileo ya Italia, alikuta mapipa ya ramu katika kiwanda cha Caroni, Trinidad, kilichokuwa kimefungwa. Leo chupa za ramu hiyo zinagombaniwa, nami naamini si kwa umri tu bali kwa sababu ladha yake nzito haitengenezwi tena.

Mwisho, kabla ya malipo hakikisha namba iliyo kwenye kifuniko cha pipa inalingana na ya kwenye hati, na mwenye ghala mwenyewe athibitishe kwa maandishi kwamba pipa limehamishiwa jina la mwajiri wako. Cheti kizuri cha muuzaji hakitoshi, kwani mwenye ghala hufuata daftari lake.

Mtafutaji_Leeds:
Nimeelewa. Leo namwandikia muuzaji kumwomba vipimo vipya na historia ya kila pipa mahali lilipohifadhiwa, na mapipa yatakayokosa majibu nitayaondoa kwenye orodha kabla ya safari.